Fantasi: namba zitakusaidia kumshinda jirani, lakini si nyumba ya pari

Kuna biashara inayokua ndani ya simu za vijana wetu hapa Beni, na tuiseme wazi. Watu wanauza orodha. Unatuma franka kidogo kwa njia ya simu, unaletewa majina ya wachezaji watatu au wanne wa ligi ya Uingereza ambao, kwa maneno ya muuzaji, lazima wafunge juma hili. Unawaingiza katika timu yako ya fantasi. Juma linaisha, hawakufunga, muuzaji anakuambia mpira ni mpira, na siku ya Jumatano anatoa orodha nyingine. Kati ya wanunuzi wako vijana waliokimbia vita kutoka Lubero na Irumu, wanaolala ndani ya familia zilizowapokea, ambao franka hizo kwao ni unga wa siku moja.

Maoni yangu ni kwamba orodha hiyo haina thamani hata ya franka moja, kwa sababu kilichomo ndani yake, kama kimo, kinapatikana bure. Na kuna hatari nyingine kubwa zaidi inayokuja nyuma yake, nitaifikia.

Kwanza kwa wazazi wanaouliza fantasi ni kitu gani. Ni mchezo wa bure wa ligi kuu ya Uingereza. Kila mtu anapewa milioni 100 za kuhesabu tu, si feza za kweli, na kwa hizo ananunua wachezaji 15: golikipa wawili, mabeki watano, viungo watano na washambuliaji watatu. Haruhusiwi kuchukua zaidi ya watatu kutoka klabu moja. Wachezaji hao wanapocheza kweli huko Uingereza, wewe unapata pointi huku. Dakika 60 uwanjani ni pointi 2. Goli la mshambuliaji ni pointi 4, la kiungo 5, la beki 6. Pasi ya goli ni 3. Kapteni uliyemchagua anahesabiwa mara mbili. Vijana wa avenyu moja wanaunda ligi yao ndogo, na msimu ukiisha mnajua nani alikuwa wa kwanza. Katika ligi nyingi ndogo za hapa mshindi anapata heshima tu na soda. Mahali pengine wanachanga kama likelemba, na hapo ndipo mambo yanaanza kuchanganyika.

Kila juma unapewa nafasi moja ya kubadilisha mchezaji bure. Usipoitumia inahifadhiwa, na zinaweza kufika tano. Ukitaka kubadilisha zaidi ya zile ulizo nazo, kila mchezaji wa ziada anakugharimu pointi 4. Simama hapo uhesabu. Pointi 4 ni goli zima la mshambuliaji. Maana yake mshambuliaji mpya uliyemleta kwa kulipa lazima afunge goli moja zaidi ya yule uliyemtoa, ili tu urudi pale ulipokuwa. Hujapata faida bado. Wauza orodha hawasemi hivyo. Wao wanakuletea majina manne kila juma, na ukiwafuata wote wakati una nafasi moja tu ya bure, umeanza juma ukiwa umepoteza pointi 12 kabla mpira haujapigwa.

(Neno lenyewe tunalotumia, kuhamisha, linachekesha watu wengine hapa. Kijana mmoja aliyehama mara tatu tangu mwaka 2024 aliniambia huyu wa kwenye simu angalau anahama kwa hiari yake.)

Sasa, namna ya kuchagua. Kosa ninaloliona kila Jumapili jioni ni kukimbilia goli la jana. Mchezaji amefunga mawili, watu wote wanamnunua usiku uleule kwa sababu bei yake itapanda kwa 0.1. Ni kweli inaweza kupanda. Lakini ukija kumuuza unabaki na nusu tu ya kile kilichoongezeka, na goli mbili za jana hazikuhesabiwa kwako. Umenunua kitu ambacho kimekwisha kuliwa na wengine. Swali la kuuliza ni kama ataendelea kupata nafasi za kufunga, na hilo goli pekee haliwezi kulijibu.

Chukua kaye na kalamu. Kitu cha kwanza cha kuandika ni dakika. Mchezaji asiyecheza hakupi kitu, hata awe na jina kubwa namna gani. Angalia mechi zake tano au sita za mwisho: alianza ngapi, alitolewa dakika ya ngapi, alikaa benchi lini. Vijana wengi wanaruka hapo kwa sababu dakika hazina sifa, hazipigiwi kelele kama goli. Mimi naziweka mbele ya yote. Mchezaji wa bei ndogo anayecheza dakika 90 kila Jumamosi anakupa pointi 2 bila kufanya lolote, na nyota anayeingia dakika ya 75 anakupa moja.

Baada ya dakika andika mashuti, hasa yale ya ndani ya boksi la penalti. Hapo kuna namba ambayo watangazaji wanaiita magoli tarajiwa, na wengi wanaiogopa bure. Maana yake ni nyepesi. Kila shuti linapewa uzito kufuatana na mahali lilipopigwa na namna lilivyopigwa: mashuti ya namna hiyo huingia mara ngapi katika mia? Penalti inahesabiwa karibu 0.79, yaani karibu mara nane katika kumi inaingia. Shuti la mbali kupitia msitu wa mabeki linaweza kuwa 0.03. Ukijumlisha mashuti yote ya mchezaji unapata idadi ya magoli ambayo mtu wa kawaida angefunga kwa nafasi zile. Mtu mwenye goli 4 lakini magoli tarajiwa 1.2 amepata bahati, au amepiga mashuti mazuri ambayo hayatakuja kila juma. Mwenye goli 1 lakini magoli tarajiwa 3.5 anafika mahali pazuri kila mara na mpira unamkatalia. Huyo wa pili ndiye wa kumnunua, tena wakati huo wengine wanamtupa. Na namba hiyo imo ndani ya ukurasa wa mchezo wenyewe, bure, kando ya jina la kila mchezaji. Ukurasa huo ni maandishi tu, unakula mega kidogo kuliko video moja ya magoli.

Halafu uliza nani anapiga penalti. Msimu wa 2023-2024 Cole Palmer aliingia Chelsea kutoka Manchester City, na katika fantasi alikuwa na bei ya 5.0, bei ya mtu wa benchi. Alipoanza kupewa penalti mwezi wa Oktoba, mtu aliyekuwa anaandika kaye yake aliona vitu viwili pamoja: bei ndogo na penalti. Palmer alimaliza na goli 22 katika ligi, 9 kati yake za penalti. Hakukuwa na uganga wowote hapo.

Mfano ninaoupenda zaidi unatuhusu. Msimu wa 2024-2025 Brentford ilikuwa na watu wawili mbele, Bryan Mbeumo wa Kameruni na Yoane Wissa wetu. Mbeumo alifunga 20, Wissa 19. Mashabiki wa Léopards walitaka wote tumchukue Wissa, na kwa mpira wenyewe walikuwa na haki: goli zake zote 19 zilitoka katika mchezo, hakuna penalti hata moja, na katika ligi nzima ni Mohamed Salah tu aliyemzidi ukitoa penalti. Hiyo ni sifa kubwa sana kwa mtoto wa Congo, isisahaulike. Lakini fantasi ilimwandika Mbeumo kama kiungo, na goli lake lilikuwa pointi 5, wakati la Wissa lilikuwa 4. Piga hesabu: 20 mara 5 ni 100. 19 mara 4 ni 76. Tofauti ya pointi 24 kwa goli moja tu la tofauti! Na penalti zilikuwa za Mbeumo. Anayechagua kwa namba angemchukua Mbeumo kwanza, halafu Wissa kama feza zinabaki. Anayechagua kwa moyo alimchukua Wissa peke yake na akalalamika mwaka mzima.

Moyo huo ninauelewa. Mwezi wa Februari 2024, katika nusu fainali ya CAN dhidi ya Côte d'Ivoire kule Abidjan, wachezaji wetu walisimama wakati wa wimbo wa taifa wameziba mdomo kwa mkono mmoja na vidole viwili vya mkono mwingine kichwani kama bunduki, ili dunia ione kinachotupata huku Mashariki. Familia zilizokuwa barabarani wakati ule hazitasahau. Baada ya hapo, kumweka Mkongomani katika timu ya fantasi kwa wengi ni kama kulipa deni. Mimi sisemi wasiwekwe. Nasema wawekwe kwa kujua. Tarehe 1 Septemba 2025 Wissa alihamia Newcastle, na hapa watu walimnunua usiku huohuo. Siku chache baadaye aliumia goti akiwa na timu ya taifa katika mechi na Senegal mjini Kinshasa, na jezi ya Newcastle hakuicheza hadi Desemba. Hakuna namba ambayo ingetabiri goti. Lakini kuna waliomwacha ndani ya timu majuma na majuma kwa sababu ni wetu, huku anawapa sifuri. Kumtoa mtu mgonjwa si usaliti. Akipona unamrudisha.

Na kwa wale wanaotaka Mkongomani kwa kila hali, msimu huu wa 2025-2026 kuna mlango mpya. Mchezo umeanza kutoa pointi 2 kwa kazi ya ulinzi. Beki akifikisha vitendo 10 katika mechi moja, yaani kunyang'anya, kukata pasi, kuzuia shuti na kuondoa hatari, anapata pointi hizo. Kiungo na mshambuliaji wanahitaji 12, lakini kwao hata kuokota mpira uliopotea kunahesabiwa. Kabla ya hapo watu kama Noah Sadiki wa Sunderland hawakuwa na maana katika fantasi, maana kukimbia na kukaba hakukuwa na bei. Sasa kuna bei. Sadiki alianza karibu kila mechi kabla ya kwenda CAN, na kwa mchezaji wa bei ndogo hilo linatosha kumfikiria. Aaron Wan-Bissaka wa West Ham anajulikana kwa kunyang'anya tangu zamani, lakini beki anapata pointi 4 timu yake ikimaliza bila kufungwa, na West Ham ya msimu huu imekuwa ikifungwa kila mahali. Kwa hiyo mpende Wan-Bissaka, lakini angalia kwanza golikipa wake ameokota mipira mingapi wavuni.

Ratiba nayo ni namba. Usiangalie mechi moja ijayo tu, angalia nne. Mshambuliaji mzuri mwenye mechi nne ngumu mfululizo anaweza kungoja, kwa sababu nafasi yako ya bure ni moja kwa juma.

Je, namba zinadanganya? Ndiyo, mara nyingine. Palmer huyohuyo niliyemsifu alikaa tangu katikati ya Januari hadi mwanzo wa Mei 2025 bila goli. Waliomshika kwa sababu ya mashuti yake walingoja miezi zaidi ya mitatu, kapteni mara mbili, sifuri mara mbili. Upande wa pili yuko Chris Wood wa Nottingham Forest, ambaye msimu ule alifunga zaidi ya nafasi zake karibu kila mwezi. Namba zilisema atapoa kesho, na kesho hiyo ilichelewa sana, maana alimaliza na goli 20. Mtu anayekuambia namba hazikosei ni ndugu wa yule anayeuza orodha. Zinakusaidia kukosea mara chache kuliko jirani, kwa mechi 38. Katika ligi ndogo ya watu kumi na wawili hiyo inatosha kabisa, kwa sababu jirani yako anamnunua aliyefunga jana.

Na hapa ndipo nafikia ile hatari. Kijana anashinda ligi ya avenyu yake kwa kaye na hesabu. Watu wanamsifu, wanamwita profesa. Anaanza kufikiri: kama ninajua hivi, kwa nini nisipate feza? Anavuka barabara, anaingia nyumba ya pari. Nimeona wengine wakivuka, na wauza orodha wengi ndio wanaowavusha, kwa sababu baada ya orodha ya fantasi kunakuja orodha ya mechi za uhakika.

Tofauti kati ya vitu hivi viwili ni lazima ieleweke, maana kwenye simu vinafanana. Katika fantasi unashindana na jirani, na jirani hana kaye. Katika pari unashindana na nyumba, na nyumba ina kaye kubwa kuliko yako. Dakika, mashuti, penalti, magoli tarajiwa, wagonjwa, vyote wanavyo, na wana watu wanaolipwa kuvisoma usiku na mchana. Bei wanayoandika kwa kila mechi tayari ina namba zote unazozijua. Juu ya bei hiyo wanakata sehemu yao. Fikiri sarafu inayorushwa juu, kichwa au mkia. Bei ya haki ni kwamba ukiweka 1000 na kushinda urudishiwe 2000. Nyumba inakurudishia kama 1900. Ile 100 haionekani siku unaposhinda, kila mtu anacheka. Lakini ukirusha mara mia, imekula. Ukiunganisha mechi nane katika tiketi moja, kama vijana wanavyopenda kwa sababu mwisho wake unaonyesha mamilioni, ile sehemu ya nyumba inajirudia mara nane. Tiketi ndefu ndiyo inayowapendeza zaidi wao.

Kwa hiyo ujuzi uleule unaokufanya profesa kwenye avenyu unakufanya mteja wa kawaida kule ng'ambo ya barabara. Feza za msaada zilizotolewa kwa familia zimeishia huko, na si mara moja. Mama anauliza feza ziko wapi, kijana anasema kesho. Katika nyumba ambamo familia mbili zinakula sufuria moja, kesho hiyo inaleta maneno makali, na mara nyingi ni familia iliyokimbia ndiyo inayoambiwa itafute pengine.

Wako wanaosema basi tuache yote, fantasi na pari, kijana aliyehama ana mambo ya lazima kuliko mpira wa Wazungu. Siwafuati hadi huko. Kijana ambaye shule yake imebaki nyuma ya mstari wa vita, ambaye kutwa anangoja, akikaa na wenzake wanagawanya magoli kwa dakika na kuzidisha kwa 90, mimi naona anafanya hesabu ya darasani bila kufukuzwa ada. Nimeona wadogo wakijifunza desimali kwa bei za wachezaji, 6.5 kutoa 5.9 inabaki ngapi, haraka kuliko ubaoni. Na katika ligi ndogo mwenyeji na aliyekuja wanachekana kama sawa. Lakini mchango wa feza katika ligi hizo ningeuondoa. Unatosha mpira mmoja wa kuchezea, au mshindi apigwe picha na soda yake. Feza zikiingia, anayepoteza anatafuta njia ya kurudisha, na njia anaijua.

Kwa ambao hawana simu, si lazima kila mtu awe na yake. Watu watano wanaweza kuwa na timu moja, simu moja na kaye moja, wagawane kazi: huyu anaandika dakika, huyu mashuti, huyu ratiba, na mabishano yafanyike kabla simu haijazimika moto. Wakati mzuri wa kuamua ni Ijumaa, baada ya makocha wa kule kusema nani ni mgonjwa, si Jumapili usiku wakati damu bado ina joto. Kumbukeni tu kwamba mlango unafungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya juma. Mechi ya kwanza ikiwa Jumamosi saa sita na nusu mchana kwa saa za Uingereza, kwetu huku Mashariki mlango unafungwa saa saba mchana, Kinshasa saa sita. Mwisho wa Machi Waingereza watasogeza saa zao mbele, na kwetu itakuwa saa sita kamili.